Fundi, Piga Windows Tu

"Bibi kagoma kuamka. Daktari aende haraka."

Simu ikakatika. Sindano akachungulia kioo cha Toyota yake kuona kama kuna anayemfuata. Hakuna. Hakuamini, akazunguka mtaa mara mbili zaidi.

Bibi ni kompyuta. Daktari ni yeye.

Na kompyuta yenyewe wala si ya jeshi. Ni ya mezani, ya nyumbani kwa karani wa forodha, ile ambayo watoto hufanyia kazi za shule na mama huangalizia mishono ya magauni. Ila ndani yake kulikuwa na picha moja. Karani aliipiga kwa siri: hati halisi ya kontena la bunduki lililoandikwa vigae, yenye namba ya kontena na saini ya mwenye mzigo. Kabla hajaifikisha popote, wenye mzigo wakamwahi. Wakaghushi saini yake kwenye hati za magendo, na jana asubuhi akatiwa ndani yeye.

Picha ikipatikana, karani anarudi kwa wanawe. Isipopatikana, saa sita kamili mchana lori linatoka getini na bunduki mia nne, na karani anaozea jela. Bandarini kuna makontena elfu tatu. Utafungua lipi, uache lipi?

Ilikuwa saa tano na dakika kumi.

"Kuna mtu wao ndani ya nyumba ile," Mkuu, bosi wake wa upelelezi, alikuwa amemwonya. "Usimwamini yeyote, hata mke. Wakinusa askari watahamisha mzigo. Ingia kama fundi."

Mke alifungua mlango, macho mekundu.

"Wewe ndiye fundi? Mimi nilimpigia yule wa pale kona."

"Amebanwa, dada. Kanituma mimi."

Amebanwa kweli. Wakati huo fundi wa pale kona alikuwa anakunywa soda katikati ya vijana wawili wa Mkuu, akijiuliza amekosa nini.

Sebuleni mwanamume aliinuka kwenye kochi. Shati limenyooka, kiatu kinang'aa, begi la laptopu miguuni.

"Huyu ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu," mke alisema. "Tangu jana hajatoka hapa. Bila yeye ningechanganyikiwa."

"Mwanamke ndiye fundi?" Shemeji akacheka. "Haya bwana, dunia imeendelea. Dada, usijisumbue na hiyo. Mafaili yameoza. Piga Windows tu, uende zako."

Sindano akabonyeza kitufe. Feni ikanguruma. Kioo cheusi, mistari miwili ya maandishi meupe: faili la kuwashia limeharibika. Basi. Haiendi mbele, hairudi nyuma.

Piga Windows! Nani asiyeijua dawa hiyo? Kompyuta ikikohoa kidogo tu, fundi wa mtaani hapimi wala haulizi. Anafuta kila kitu, anaweka mfumo mpya, anaondoka zake. Na picha zako za miaka kumi? Pole sana.

Sindano akalegeza skrubu, akafungua ubavu wa kompyuta.

Vumbi la miaka lilikuwa limelala humo kama blanketi. Kila mahali, isipokuwa kwenye waya wa diski. Waya ulikuwa safi, umepanguswa na vidole vya mtu.

"Dada, kuna fundi mwingine aliyewahi kuifungua?"

"Hakuna. Tangu inunuliwe."

Ama anasema kweli, ama ni mwongo hodari. Sindano akachomeka flashi yake yenye mfumo wa dharura, kompyuta ikawaka kupitia huo. Akaipima diski. Nzima kabisa! Yaliyoharibika ni mafaili ya kuwashia peke yake, na yote ndani ya dakika moja: jana, saa nane na dakika ishirini mchana.

Diski inayojifia yenyewe huharibu ovyo ovyo, huku na kule. Hii ilikuwa imechaguliwa.

"Jana saa nane mchana nani alikuwa anaitumia?"

"Saa nane?" Mke akacheka kwa uchungu. "Umeme ulikatika saa sita, ukarudi saa kumi na moja. Angeitumia kwa mshumaa? Na mimi sikuwepo, nilimpelekea mume wangu chakula mahabusu."

"Nani alibaki nyumbani?"

"Shemeji."

Shemeji akakohoa.

Umeme hakuna, mafaili yameguswa. Basi diski ilitolewa humo, ikaunganishwa na kitu chenye betri. Sindano hakulitazama lile begi la laptopu. Akapiga simu, sauti ya uvivu.

"Bosi, yule mteja jana alifika dukani saa ngapi?"

"Daftari la mahabusu linasema aliingia saa saba na nusu," Mkuu akajibu. "Akatoka saa tisa na nusu."

"Sawa."

Mke ni msafi. Sindano aliona aibu kidogo kwa kumshuku, na hasira zikampanda. Sasa aliuona mchezo wote: shemeji aliifuta picha, kisha akaharibu mafaili ya kuwashia. Diski iliyovunjwa huleta askari. Kompyuta iliyogoma huleta fundi. Na fundi wa pale kona angepiga Windows juu ya ile picha iliyofutwa, akaimaliza kabisa kwa mikono yake mwenyewe, na kushukuriwa juu!

"Dada, naomba maji ya kunywa."

Mke akaenda jikoni. Shemeji akageukia dirishani na simu yake. Dakika moja ilitosha: Sindano akachomoa diski, akaiunganisha na laptopu iliyofichwa kwenye begi la vifaa. Kioo cha mezani akakiacha kinawaka.

Programu ikaanza kurudisha mafaili yaliyofutwa. Asilimia ishirini. Arobaini.

"Fundi, bado tu? Nimesema piga Windows!"

"Natafuta picha kwanza, kaka."

"Picha gani?"

"Zilizofutwa. Huwa zinarudi."

Rangi ikamtoka. "Nakwenda msalani," akasema.

Nyayo hazikwenda msalani.

Ta! Kioo kikazimika. Feni ikanyamaza.

"Lo, umeme tena!" Shemeji alirudi anatikisa kichwa. "Pole fundi, kazi yote bure."

Nyumba ya pili redio ilikuwa inaimba kama kawaida.

Sindano akafunua begi. Asilimia tisini na nane.

"Yangu ina betri, kaka. Kama yako jana."

Shemeji akarukia begi lake. Bastola ilipotoka, Sindano alishaisukuma meza kwa teke. Ikamgonga miguuni, akaenda chini kifudifudi. Alipoinua uso, bastola ya Sindano, Beretta iliyokuwa chini ya bisibisi, ilikuwa inamtazama.

Pingu. Kra.

Asilimia mia. Hati hiyo hapo, namba na saini.

"Mkuu, andika. Saba, mbili, tisa, sifuri, nne, moja."

"Lori lipo getini."

Mkuu akafoka amri pembeni, kisha akarudi simuni.

"Limesimamishwa. Dereva yuko chini."

Saa sita kasoro dakika nne.

Mke alikuwa amesimama mlangoni, maji yanamwagika kwenye kanga yake.

"Shemeji? Umenishika mkono usiku kucha nikilia..."

"Walisema angefungwa miezi michache tu," shemeji akanong'ona sakafuni. "Waliniahidi."

Simu ya mke ikalia. Akaipokea, akaweka spika.

"Mama watoto!" Ilikuwa sauti ya karani. "Wananiachia! Jioni niko nyumbani!"

Mke akaangua kilio.

"Usilie bwana. Mdogo wangu yupo? Mimi nilimwambia yeye peke yake picha ilipo, nikamwomba ailinde. Mpe simu nimshukuru."

Mke akafuta machozi. Akachuchumaa, akaiweka simu sikioni mwa yule mwanamume aliyelala na pingu.

"Kaka yako anakuita," akasema. "Itika."

Sindano akakusanya bisibisi zake, akajipangusa vumbi vidoleni, akatoka. Vijana wa Mkuu walikuwa wanapanda ngazi mbili mbili. Akawapisha bila kusimama.

Nyuma yake karani alikuwa bado anaongea.

"Halo? Mdogo wangu? Mbona kimya?"