Matanga ya Kampuni

Wenzangu wa Voi na Mbololo, tegeni sikio, maana haya yanaweza kuwakuta nanyi.

Jumapili moja, katika miaka ya sabini, Tryphena alikuwa jikoni akiponda kimanga, muhogo uliochanganywa na maharagwe. Nje, mumewe Donald alimkumbatia binti yao Elsie, mwanafunzi wa shule ya msingi, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umeliwa na mashine ya kukamua mkonge, na meneja wa kiwanda alikuwa ameahidi kwamba kampuni italipa fidia. Nyumba nzima iliishi kwa ahadi hiyo.

Basi akaingia Mbaruk, jirani yao, fundi wa kiwandani. Alisema kampuni imefilisika, kamba za nailoni zimeua soko la mkonge. Mahakama imeweka mfilisi auze mali na kuwagawia wanaodai, na kila anayedai aende kabla ya mwezi kwisha.

Tryphena alishika leso yake papo hapo. Donald akamzuia. Yeye alilelewa kwamba mtu haendi kudai kwenye nyumba yenye msiba mpaka matanga yaanuliwe. Tena meneja ndiye aliyempeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe.

"Kampuni si mtu, bwana Donald," Mbaruk alisema. "Haina matanga. Benki imeshafika pale."

"Sitadai juu ya kaburi," Donald akajibu.

Tryphena alimsihi, akalia, akamwonyesha debe la unga lilivyobaki tupu. Wapi! Donald alimwambia asimwaibishe mbele ya watu. Mwisho Tryphena, roho ikimuuma, akaenda kulima mashamba ya wengine kwa kibarua.

Donald alipoona matanga yamekwisha, wakaenda kwa mfilisi, lakini mwezi ulikuwa umeshapita. Mfilisi hakuwa mtu mbaya. Aliutazama ule mkono uliokatika, akainamisha macho, akasema mali imeshauzwa na kugawanywa. Kitheka, mfanyakazi mwenzake aliyevunjika mguu kiwandani humo humo, alifika mapema akapata chake, ingawa si chote.

"Na meneja, anaendeleaje?" Donald aliuliza, kwa huruma kabisa.

"Meneja? Alidai mshahara wake siku ya kwanza."

Jamani! Donald alitoka nje. Uani vibarua walikuwa wakiipakia ile mashine kwenye lori, imepata mnunuzi. Akaketi chini kwenye vumbi.

"Mama Elsie, nimewaua," alisema.

Tryphena alitaka kumwambia hapana, lakini hakuweza kusema uongo. Muhula ulipofunguliwa, Elsie hakurudi shule. Alishika jembe kando ya mama yake.

FUNZO

Ndugu zangu, heshima ni ya watu. Kampuni haifiwi wala haioni haya, na wakubwa wake hawangoji matanga. Ukiumia kazini kisha ukasikia imefilisika, nenda kwa mfilisi siku hiyo hiyo ukadai, haidhuru nani amekuahidi. Na wewe jirani, ukimwona mwenzako anasita, usimwambie tu ukaenda zako. Mshike mkono uliobaki, umpeleke.