Sauti Iliyoitikia Kila Jina

Ilianza kwa pumzi moja iliyozidi kwenye rekodi. Kiprono, Mkenya, fundi wa sauti katika redio ndogo ya Kator, mtaa wa Juba, alikuwa hoi. Mkataba wa amani ulikuwa umetimiza miaka mitatu, na kila asubuhi alirekodi majina ya waliopotelea vitani. Msomaji, Mama Natalina, alisoma jina, akanyamaza ili ndugu wapate kusikia, akaendelea.

Alianza kila jina kwa nguvu na kulimaliza chini chini, kwa hiyo Kiprono aliipitisha sauti yake kwenye kompresa. Mashine hiyo hushusha palipo juu, kisha fundi hupandisha yote kwa pamoja. Ubaya wake ni kwamba hata ukimya hupanda, na feni na jenereta huja hadi sikioni.

Siku hiyo aliibana sauti kupita kiasi, kwa uchovu tu. Walipoisikiliza rekodi pamoja, baada ya kila jina ikasikika pumzi isiyo ya Natalina, kisha sauti ya mwanamume kwa Kiarabu cha Juba: "Ana fi." Nipo.

Jina la tano lilikuwa la Fulgensio, mwanawe Natalina.

"Ni yeye," mama akanong'ona. "Pandisha kidogo, mwanangu."

"Mama, ni sauti ileile kwa majina yote."

"Pandisha."

Hakupandisha. Aliingia chumba cha maikrofoni, akatamka jina la kujitungia, akarudi kusikiliza, na ukimya ulipoinuka, pamoja na harufu ya nywele zilizoungua ambayo hakujua ilikotoka, huku vidole vyake vimekufa ganzi juu ya vitufe, sauti ile ikaitikia tena, kwa upole wa mtu aliyezoea kuitwa: "Ana fi."

"Umesikia? Ni jini. Anakudanganya, Mama."

"Mimi iko najua," alisema Natalina kwa Kiswahili chake cha ukimbizini Uganda. "Miaka kumi na saba mtoto yangu amepotea, hakuna mtu hata ya kunidanganya."

Kiprono alimhurumia. Alichomoa nyaya za kompresa, akamwomba arudi kwenye maikrofoni asome upya. Ukimya ukawa ukimya, naye akashusha pumzi. Lakini kwenye jina la tano alimwona kupitia kioo amefumba macho, anangoja, mdomo wazi kidogo, na kutoka kifuani mwake, bila midomo kutikisika, ikatoka sauti nzito ya kiume isiyohitaji tena kupandishwa: "Ana fi."

Natalina akatabasamu, akasoma jina lililofuata.