Mume Wangu Ananiita Shemeji

Wasomaji wenzangu, nina miaka sitini na sita, nina mume, tunaishi chumba na sebule hapa Kilburn, London. Lakini nawaambia, mimi ni mpweke kuliko mjane! Mjane anajua mwenzake yuko wapi. Wangu yuko hapa hapa, kakaa kwenye kiti chake, kavaa sweta niliyoifua mwenyewe... na hanijui.

Naitwa Zena. Nilizaliwa Tabora, baba yangu alikuwa fundi cherehani. Sijui kupamba maneno, na wanaonifahamu wanasema mdomo wangu hauna breki. Basi nivumilieni.

Mume wangu, Idi, nilimpata kupitia kwa dada yangu. Dada Mwajuma ndiye mkubwa wetu, alitangulia Dar es Salaam kufanya kazi ya kupiga taipu ofisini. Nilipofikia umri wa kuolewa alikuja nyumbani na habari za kijana mtulivu wa pale Ilala. Hanywi, hana makuu, anafanya kazi reli. "Huyu namfahamu vizuri, usiwe na wasiwasi," aliniambia. Nikamwamini. Nani asiyemwamini dada yake wa tumbo moja?

Kabla ya harusi kungwi wangu akaniweka chini. Akaniasa kwamba mwanamume hachimbwi, na yaliyotokea kabla yangu hayanihusu. Nikashika hivyo hivyo. Idi naye hakuniuliza kitu. Miaka arobaini na ushee! Tumekuja Uingereza, tumemlea binti yetu mmoja, Salma, mimi nimefua mashuka ya hospitali mpaka mgongo umepinda, yeye amefagia stesheni za treni mpaka akastaafu... na hatujaulizana. Tuliona ndiyo heshima. Jamani, heshima gani hiyo?

Mambo yalianzia dukani. Tulikwenda kununua mkate hapo barabarani, kijana wa kaunta akataja bei. Loo! Idi aliruka juu! Mkate zaidi ya pauni? Akafoka kwa Kiswahili mbele ya foleni nzima, kwamba mkate haufiki hata shilingi na chenji unarudishiwa, kwamba kilo ya sukari ni shilingi na senti tu, kwamba yule kijana ni bepari, mnyonyaji, na mirija yake itakatwa! Kijana wa watu katoa macho. Mimi nikacheka. Nilidhani mzee wangu anafanya mzaha.

Hakuwa anafanya mzaha.

Kiingereza kikaanza kumtoka kidogo kidogo, mpaka kikaisha. Salma akija kutoka Stratford anaelewa Kiswahili, lakini kama mnavyowajua watoto wetu wa huku, hujibu kwa Kizungu. Baba yake anamkodolea macho, kisha ananiuliza mimi, huyu mgeni anataka nini? Mtoto akawa analia kwenye ngazi akitoka. Baadaye akawa haji mara kwa mara. Simlaumu.

Ikafika mahali Idi akawa anaishi mwanzoni mwa miaka ya sabini, moja kwa moja. Asubuhi anatafuta suruali yake ya bugaluu, ile pana miguuni, na viatu vya raizoni vyenye soli nene. Ananiuliza kama vijana wa doria bado wanapita mitaani kukagua nguo za watu. Ananipa habari! Kuna watu wametembea mwezini, nimesikia? Rafiki yake kanunua santuri mpya, na Jumapili mchana kuna bugi, dansi la vijana, kiingilio shilingi mbili. Anacheka, uso unang'aa, anapigapiga mguu sakafuni. Na mimi je? Miaka hiyo nilikuwa mtoto wa shule Tabora, nimefunga mkanda wa sare kwa pini. Najua nini habari za bugi? Katika miaka anayoishi mume wangu, mimi bado sijaingia!

Msiniambie ni ugonjwa tu. Daktari kanieleza, nimeelewa. Lakini inauma... inauma sana kupika, kutenga, kisha ukaambiwa, "Asante dada, wewe umeanza kazi hapa lini?"

Kibaya zaidi kikaja kwenye kuoga. Nikimsogelea na taulo anarudi nyuma mpaka ukutani. "Samahani dada, mimi nina mchumba. Akisikia nimevuliwa shati na mke wa mtu itakuwaje?" Kwa adabu kabisa! Heri angenitukana. Nilikwenda jikoni, nikawasha bomba la maji lipige kelele, nikalia.

Kaunsili, yaani serikali ya mtaa, ikaleta mwanamke wa kumsaidia. Idi akamkimbiza kwa fimbo. Siku zikaenda, harufu ikaanza, ngozi ikafanya vidonda. Ndipo mtu wa kaunsili akaniambia bila kuficha kwamba hali ikiendelea hivi, Idi atahamishiwa nyumba ya wazee, mbali huko nje ya London. Nani huko anajua Kiswahili? Akisema ana kiu, nani atamwelewa? Atakaa kwenye kona asemeshwe kama bubu mpaka afe! Nikaapa moyoni kwamba Idi wangu haendi.

Nilihangaika. Nikasikia Kenton kuna duka la mzee Mhindi aliyeuza vitu Kariakoo miaka hiyo hiyo. Nikapanda treni. Nilipomweleza shida yangu alinisikiliza, akaingia stoo, akatoka na redio ya mbao yenye vitufe vikubwa. Akaniambia kwa Kiswahili kinyoofu, "Mama, peleka hii. Ikifika saa ya salamu atatulia."

Kwa wale ambao hamkuwepo, zamani ulikuwa unanunua kadi ya salamu, unaandika jina lako, majina ya unaowasalimu na ujumbe wako, unaituma redioni. Kisha unakaa na nyumba nzima kusubiri mtangazaji aisome. Kutajwa redioni! Mtu alikuwa anatembea wiki nzima shingo imenyooka.

Kweli Idi alitulia. Kila alasiri anavuta kiti, anasogeza sikio. Redio inatoa mikwaruzo na Kizungu tu, yeye hajali. Siku moja, nikiwa jikoni namenya viazi, nikamsikia anaisoma kadi yake mwenyewe kwa sauti ya mtangazaji.

"Mimi Idi Masudi wa Ilala, Dar es Salaam, nikiwa mzima wa afya, nawasalimu wafuatao. Wa kwanza, mchumba wangu Mwajuma binti Hamisi, popote anaponisikia. Wa pili, Mzee Hamisi, fundi cherehani, Tabora. Na wa tatu, Zena mdogo wa darasa la sita, asome kwa bidii. Ujumbe wangu... mfungo ukiisha, nakuja nyumbani kujitambulisha."

Kisu kilinikata kidole, sikusikia.

Mwajuma binti Hamisi ni dada yangu! Mzee Hamisi ni baba yangu! Na Zena mdogo... Zena mdogo ni mimi!

Halafu nikakumbuka. Salamu zile nilizisikia kwa masikio yangu! Mama alikuwa anakaanga karanga, redio ipo dirishani, mimi ndiyo kwanza naingia kutoka uani, jina la mtumaji sikulipata, jina langu likatoka, nyumba nzima ikalipuka kwa kelele, karanga zikaungua. Shuleni nilikuwa malkia. Nilipomuuliza dada huyo mtu ni nani, alisema ni mfanyakazi mwenzake. Maisha yangu yote nilikuwa nayatunza yale maneno, kwamba kuna mtu asiyenijua aliwahi kunitakia mema mbele ya nchi nzima. Na mtu huyo nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii, hakuna aliyefungua mdomo!

Nikampigia dada Dar. Nilipomtajia zile salamu, akaangua kilio. Akasema ndiyo, walichumbiana. Kisha akatokea bosi mwenye gari na dereva, naye akamwacha Idi bila hata neno. Baba na mama walijua. Mashangazi walijua. Miaka ikapita, akasikia Idi hajaoa, roho ikamsuta, akaona ampe mke mwema.

Ampe! Mimi ni nini, gauni lililombana yeye nikalivaa mimi? Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikakata simu. Majira yote ya baridi sikupokea simu yake. Nilibaki na mume asiyenijua, na dada nisiyetaka kumjua. Dirishani mabasi yanapita yamejaa watu, na mimi sina hata mmoja wa kumwambia nimeamkaje.

Nilimchukia na Idi pia, mzee wa watu, mgonjwa, asiyejua kosa lake. Nilimtengea chakula bila kumtazama. Nilijiuliza, hivi mkono aliokuwa akinishika tukivuka barabara, alikuwa anashika wa nani?

Kisha kaunsili wakasema wanakuja kufanya uamuzi. Nikamtazama. Anajikuna mgongo mpaka damu, na bado ananiambia "samahani dada". Nikajua sina ujanja. Hasira zangu na Idi wangu, kimoja lazima kiondoke nyumbani.

Nikampigia dada. Sikumsalimia. Nikamwambia, "Umeniponza, sasa nisaidie." Nikamweleza la kusema, nikaweka simu sauti ya juu, nikaiweka juu ya redio.

"Idi," dada akaita. Sauti yake haijazeeka, hiyo lazima niseme.

Mume wangu alisimama wima! Akajifuta midomo, akatengeneza kola. "Mwajuma! Uko wapi wewe?"

"Niko kazini," dada akasema, nikasikia anazuia kilio. "Idi, huyo mwanamke hapo ni ndugu yangu. Ni Zena. Nimemtuma mimi aje akuangalie. Mwache akuogeshe, umsikilize kila anachosema. Umenisikia?"

Idi akageuka. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sana.

"Wewe ndiye Zena mdogo? Mbona umekua hivi!" Akacheka. "Nilikutaja redioni, ulisikia?"

"Nilisikia, shemeji," nikasema. "Nilisikia sana."

Siku ile alioga. Nilimsugua mgongo, nikampaka mafuta, na ananitania kama watu wanavyotania shemeji zao. Ati nimenenepa! Ati nani atanioa na mdomo huu! Nikamwambia nimeshaolewa zamani. Akashtuka. "Anakutunza vizuri?"

"Alinitunza," nikamjibu.

"Mwambie shemeji yako kasema akushike vizuri," akasema, na macho yake yalikuwa ya Idi wangu kabisa. Sikuweza kumaliza kumfunga vifungo.

Kaunsili walipokuja walimkuta msafi. Amebaki. Dada anapiga simu kila wiki, mimi namwekea, kisha natoka kwenda kusimama kwenye ngazi. Sijamsamehe yote. Labda nitamsamehe, sijui.

Ndugu zangu mnaosoma, hasa mlioko ugenini, nawasihi. Msidanganyane kwamba ya zamani yamepita. Hayajapita, yamekaa yanakusubiri! Kaa na mwenzako leo, muulize alimpenda nani, alicheza muziki gani, mkate ulikuwa bei gani. Ukiumia, umia mapema, akiwa bado anaweza kukushika mkono na kukuomba radhi. Na watoto wenu wasemesheni Kiswahili, wawajibu kwa Kiswahili, msije mkazeeka mkawa wageni kwao. Mimi sikufanya hivyo, na sasa naingia kwenye maisha ya mume wangu kwa mlango wa dada yangu.

Nakomea hapa, maana alasiri imefika na naitwa. "Shemeji! Njoo haraka, salamu zinaanza!"

Naenda kukaa naye. Huenda leo akanitaja tena.