Mgeni wa Blogu ya Dada

Jioni ile nilifunga saluni mapema, nikapitia kwa fundi wa kompyuta aniwekee kihesabu wageni kwenye blogu ya dada yangu. Shida yangu ilikuwa moja tu. Nilitaka kujua kama dada yuko hai.

Dada alikuwa fundi cherehani, na blogu yake ilikuwa ya kufundisha watu kukata nguo. Tangu mvua zianze hakuonekana tena. Shemeji, mume wake, alizunguka mtaa mzima akitangaza kwamba mkewe katoroka na mwanamume. Mwongo mkubwa yule! Dada aondoke aiache cherehani yake? Mama kila usiku alimwekea chakula, akakifunika kwa sahani, na asubuhi alikimwaga huku analia. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira mpaka taya zinauma.

"Sikiliza," fundi aliniambia, "hapa kwenye simu yako utamwona kila anayeingia. Anatumia simu ya aina gani, anasoma ukurasa gani. Akiandika neno kwenye kisanduku cha kutafuta, utaliona pia. Wewe nimekutoa kwenye hesabu, usije ukajihesabu mwenyewe ukapiga vigelegele."

Nyumbani nikamweleza mume wangu. Yeye ni fundi ujenzi. Nilimkuta anafuta mwiko wake wa kusawazishia saruji, ule ambao dada alimzungushia kitambaa chekundu kwenye mpini ili usimchubue kiganja.

"Achana na hayo mambo," alisema bila kuniangalia. "Aliyeondoka kaondoka."

Nilisonya, nikaenda zangu chumbani. Nikaandika kwenye blogu ya dada: *Dada, ukisoma hapa, sema hata neno moja.*

Siku zikapita. Walioingia walikuwa watu wa kutafuta namna ya kukata sketi, basi. Halafu jioni moja, niko saluni nasuka kichwa cha mteja, simu ikatetemeka mfukoni.

Mgeni mmoja.

Simu yake ilikuwa aina ileile ya dada, ya kizamani, ambayo hata madukani haipo tena. Nilipiga kelele za furaha! Mteja kanikodolea macho, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama.

"Dada yangu yuko hai!" nilimwambia. "Subiri kidogo, mama, subiri."

Kwenye kisanduku cha kutafuta likatokea neno.

*baridi*

Nikasubiri...

*saruji*

Hapo nikaisikia harufu. Saruji mbichi, ndani ya saluni inayonukia mafuta ya nywele. Mteja akaziba pua.

"Mnajenga huku nyuma?" alinong'ona.

Neno la tatu lilikuwa limeingia.

*jikoni*

Wiki ileile aliyopotea dada, shemeji alisakafia upya jiko lake. Nilipoenda kumuulizia dada, nilisimama juu ya sakafu ile kwa miguu yangu. Na nikamsifia, jamani! Nikamwambia imenyooka vizuri.

Polisi sikuwakumbuka. Nilichukua mkasi wa saluni nikaenda kwake mbio, nikiwa nimedhamiria kumuua.

Nilipofika mlangoni nilisikia cherehani inashona ndani. *Tik-tik-tik-tik...* Nikasukuma mlango.

Ikanyamaza.

"Shemeji?" niliita.

Alikuwa amekaa jikoni, ameegemea ukuta, macho wazi. Mdomo wake ulikuwa umejaa saruji. Imekauka, imesawazishwa mpaka kwenye meno. Simu yake ilikuwa mkononi, blogu ya dada imefunguka, pale nilipoandika aseme hata neno moja.

Sakafu haikuwa na ufa hata mmoja. Polisi walipoivunja walimkuta dada. Simu yake ilikuwa mfukoni mwa gauni, imeliwa na saruji, betri imepasuka. Waliniuliza maswali mengi, lakini mle ndani hamkuwa na mfuko wa saruji wala ndoo yenye maji, na mimi nilikuwa na mkasi tu. Wakaandika wanayoyajua wao.

Je, shemeji nilimwonea huruma? Hata kidogo. Nilicheka njia nzima kurudi kwa mama, Mungu anisamehe.

Tulimzika dada. Mama akaacha kufunika chakula. Nikajua yamekwisha.

Leo jioni nimekaa sebuleni, simu ikatetemeka.

Mgeni mmoja. Simu ileile, ambayo polisi wanayo kabatini, imekufa.

*aliyesakafia*

Nikatazama kioo cha simu. Kisha likaja la pili.

*kitambaa chekundu*

Niliinua macho taratibu. Mwiko wa mume wangu ulikuwa unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na kile kitambaa cha dada kwenye mpini.

Yeye alikuwa bafuni ananawa.

"Mke wangu," aliita, "mbona kunanuka saruji? Mimi leo sijagusa kazi."

Nikasogea hadi mlango wa bafu. Sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka.

"Lile jiko la shemeji... ulilisakafia wewe?"

Maji yakaacha kumwagika.

"Nani kakwambia?" akanong'ona.

Sikumpigia kelele. Nilikumbuka alivyokula chakula cha mama kwenye matanga, akamshika mkono na kumwambia ajikaze. Nikarudi sebuleni, nikafungua blogu, nikaandika: *Dada, yuko bafuni. Mlango sijafunga.*

Nikachukua kanga yangu, nikatoka kwenda kulala kwa mama.

Nilipofika barabarani niliisikia nyuma yangu, ndani ya nyumba yetu. *Tik-tik-tik-tik...* Mume wangu aliniita mara moja tu, kwa jina langu.

Sisi hatuna cherehani. Sikugeuka.