Dawa ya Kijani

Mwenzangu tunayeshona naye chumba kimoja si mtu wa kuzua, ndiyo maana silali vizuri tangu anisimulie haya.

Kila Jumamosi alikwenda kujifunza kuchapa fulana kwenye studio ya wasanii. Kabla ya kutoka, alimfungia chumbani kwa kufuli bibi yake, aliyeanza kupotewa na akili. Jumamosi moja bibi aligonga mlango kutoka ndani taratibu, mara nne.

"Mjukuu wangu, nifungulie."

Akajifanya hajasikia, akaenda zake.

Kule studio, aliingia chumba cha giza kupaka fremu ya kuchapia ile dawa ya kijani isiyotaka mwanga. Akasikia: ngo, ngo, ngo, ngo.

"Mwalimu, usifungue! Dawa bado mbichi!"

"Mimi niko huku uani!" mwalimu akajibu kwa mbali.

Mgongo huo ukasikika tena, mara nne, na fremu ikatetemeka mikononi mwake. Alipowasha taa ndogo ya njano, aliona kwenye dawa alama nne za vifundo vya vidole.

Alikimbia nyumbani na aproni yake. Kufuli lilikuwa vilevile. Bibi alikuwa ameketi kitandani, mkono chini ya shuka.

"Nimegonga mpaka nimechoka," alisema, akautoa mkono.

Vifundo vyote vinne vilikuwa na dawa ya kijani, bado mbichi.