Meza ya Sentimita Sabini

"Hili jiko ni la nani?"

Kornel aligeuka. Minza, mchumba wake, alikuwa ameketi mbele ya kompyuta ya Kornel katika maabara ya chuo, nyumba ya 3D ikizunguka polepole kwenye skrini. Wote walikuwa mwaka wa pili pale Tabora, wakijifunza kuchora majengo. Na mchumba akikuachia kompyuta wazi, unaangalia. Ndivyo tulivyo.

"La kwetu. Nyumba yetu."

"Meza ya kupikia ina sentimita sabini. Nipike nimeinama kama napalilia mpunga?"

Minza alikuwa mrefu wa kuinamisha kichwa mlangoni. Darasani wasichana walikuwa wawili tu, na wa pili, Julieth, alimfikia kwapani. Hesabu hiyo haikuhitaji kompyuta.

Kornel akasema amekosea kuchora. Uongo mtupu. Sinki, makabati, hata swichi za taa, vyote vilikuwa vimeshushwa, na mtu hakosei kila mahali kwa kipimo kilekile.

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Sikonge. Si nilikuambia nafuata asali."

"Rafiki yangu Magreth alikuona unapanda basi la Igunga. Kwao Julieth ni Igunga."

Kornel akajifanya anapanga karatasi zake, na hilo lilimchoma Minza kuliko kama angekana. Jumamosi washenga wa Kornel walikuwa wanakwenda Choma, kwa mama yake Minza, kupeleka posa. Minza akatoa simu hapohapo, akapiga, akaweka spika.

"Shikamoo mama. Wale wageni wa Jumamosi wasije."

"Marahaba. Wamefanya nini?"

"Kornel ana mwanamke mwingine. Amemchorea jiko fupi."

"Fupi kiasi gani?"

"Sabini."

"Basi amepatia. Jumapili alishuka hapa Choma kwenye basi la Igunga, akanikalisha kwenye kiti, akanipima na tepu mpaka kwenye kiwiko."

Tangu magoti yagome, mama yake Minza alipika ameketi. Miaka miwili Minza alikuwa amembembeleza ahamie Tabora, naye akakataa katakata.

"Nilimkataza kukuambia," mama aliendelea. "Sikutaka ujue kabla sijaamua kama nitaweza kuliacha kaburi la baba yako."

"Umeamua?"

"Bado. Wageni waje kwanza."

Simu ilipokatika, aibu ilikuwa imempanda Minza mpaka masikioni. Hasira nayo haikuwa imeisha yote.

"Umenidanganya, Kornel. Na asali yenyewe hukuleta."

"Nisamehe. Nilimwahidi mama."

Minza akavuta kiti cha jirani ili Kornel aketi. Akashika mausi, akachora meza nyingine ubavuni mwa ile fupi, akaandika kimo: tisini na tano.

"Hii ya nani?" Kornel aliuliza.

"Ya kwangu. Mama akija, nataka anikute nimesimama hapa, karibu yake."