Dawa Haishukuriwi

Beldina alikuwa akitwanga gome la mwarobaini sokoni Kondele, leso ya manjano imekazwa kiunoni, kijana mwenye koti jeupe la maabara aliposimama mbele ya kinu. Akaomba gramu hamsini kamili. Beldina akacheka, yeye hupima kwa kiganja. Alipopokea, kijana akashukuru.

"Rudisha hiyo asante, daktari. Dawa haishukuriwi. Ukiishukuru, inalala."

Hakuwa daktari. Aliitwa Obiero, mpimaji wa damu katika hospitali moja mjini. Mwaka ule wa 1991 alirudi kila Ijumaa, akimwita nyar Katito, yaani binti wa Katito, kijiji alikozaliwa, akitaka gome la mti uleule. Kufikia masika walikuwa wakila samaki pamoja ufukweni, na Beldina alizoea kumpigia simu kutoka posta ili amchokoze tu.

Kisha mfagiaji wa maabara akamwambia kwamba Obiero hanywi dawa ile. Huidondoshea damu, huichungulia, huimwaga. Beldina akaona anapimwa yeye, aumbuliwe kuwa mwongo. Akaacha kupiga simu, akakataa kumuuzia.

Baada ya wiki sita Obiero alikuja, shati likimpwaya, tezi shingoni kubwa kama yai.

"Damu ile ilikuwa ya nani?" Beldina aliuliza.

"Yangu. Ningekwambia, ungeacha kunichokoza."

Ilikuwa saratani ya tezi za limfu. Akaeleza taratibu: chembe nyeupe za damu ndizo askari wa mwili. Aliwapa hamira waile kwenye kioo cha darubini, kana kwamba ni vijidudu; katika askari mia, ishirini walikula. Alipotia maji ya gome, walikula thelathini na wanne.

"Basi kunywa."

"Saratani si hamira, jaherana. Mpenzi, saratani hii ni askari walioasi. Huenda nikawaamsha hao pia. Lazima nijue kwanza."

"Utajua lini?"

"Labda nisiwahi."

Beldina alishika mchi, akatwanga.

"Sindano za hospitali usiache."

"Siachi."

"Na mimi usiniache kabla hujanioa."

"Watu watasema umeolewa na jeneza."

"Waseme. Wao watakutwangia?"

Jua lilikuwa limezama upande wa ziwa. Akampimia gramu hamsini kwa mizani aliyokuja nayo Obiero, polepole, hadi mshale ukatulia. Obiero akafungua kinywa ashukuru, akakifunga.

Gome lililobaki kinuni lilikuwa bado vipande. Beldina akalifunika kwa sufuria, angelimalizia kesho.